Mwalimu Aliyeogopa Likizo

Mtaani kwetu, huku chini ya mlima, shule zikifungwa mwezi wa sita watoto hurudi njia nzima wakipiga kelele za furaha, na jirani yangu hujifunga kanga tumboni. Nimemwona kwa macho yangu, maana tunapakana ua. Siku hiyo anaamka, anafagia, anakunywa chai yake, kisha anaikaza kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwenda msibani. Mwaka wa kwanza nilimwuliza kama tumbo linamsumbua.

"Linauma," akasema. "Litapoa wakifungua."

Jina lake analo, ila hakuna anayelitumia. Wakubwa kwa wadogo tunamwita Mwalimu wa Likizo. Kazi ya serikali alishastaafu, akabaki na kazi ambayo hakuna aliyempa: kuwakusanya watoto ambao kwao hakuna tuisheni, hakuna runinga, wala hakuna shangazi wa Arusha wa kwenda kumsalimia, na kukaa nao barazani kwake tangu asubuhi mpaka alasiri, siku zote za kazi, hadi shule zifunguliwe. Wanasoma, wanakunywa uji, wanatembezwa. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko upande wa pili wa michongoma, kwa hiyo masomo yake yote nimeyasikia bila kuandikishwa. Uji pia napika mimi. Sikuomba kazi hiyo. Aliniletea sufuria akasema jiko langu halitoi moshi mwingi, na kabla sijajibu alikuwa ameshageuka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa ng'ombe, naogopa simu ikiita alfajiri. Kwa miaka mingi nilidhani naishi jirani na mtu asiyeogopa kitu, na jambo hilo lilikuwa linanipa usingizi.

Ni mwanamke mfupi, mwembamba, anayetembea upande mmoja wa njia kana kwamba upande wa pili ni wa mtu mwingine. Sauti yake ndiyo kubwa. Akimwita mtoto aliye kisimani, kuku wangu wanakimbia. Watoto wanamwogopa, na wazazi wao wanamwogopa zaidi, kwa sababu wengi wao aliwafundisha wao pia, na mtu mzima mwenye ndevu zake akikutana naye njiani anatupa sigara.

Kuna neno moja analolichukia kuliko matusi, nalo ni "kusaidia". Ukimwambia fulani haji leo, amekwenda kusaidia, anakukazia macho mpaka ujute. Kusaidia wapi? Kusaidia nani? Maana katika miaka yake yote ya ualimu, anasema, hakuwahi kufunga shule kisha akaifungua akawaona wote. Daima alikosekana mmoja. Huyu kaenda kuponda kokoto akanogewa na hela. Huyu kaozwa. Huyu kachukuliwa na mto wakati anavua vidagaa. Na wengi, hasa mabinti, walikwenda Dar kusaidia nyumba za watu, wakabaki hukohuko wakisaidia.

"Likizo inakula watoto," husema, na akilisema hilo huwa haangalii mtu.

Mwaka huu hofu yake ilikuwa na jina, nalo ni Semeni. Semeni ni binti wa darasa la sita, kazaliwa vijiji vya juu mlimani, akashushwa mjini kukaa na mama yake mdogo ili asome. Jina linasema "semeni" lakini mwenyewe hasemi mpaka umbembeleze. Akili anazo. Alikuwa akimaliza hesabu anageuza daftari chini, ananyamaza, asije akaonekana anajidai. Basi, wiki ya kufunga shule, mama yake mdogo alikuja kwangu kupimwa gauni, na nikiwa na utepe kiunoni mwake akasema, kwa wepesi tu, "Semeni nampeleka Dar likizo hii. Akasaidie kulea mtoto wa watu. Wakifungua anarudi."

Nilimpima vibaya siku hiyo. Alipoondoka nikaenda kwenye michongoma nikamwambia Mwalimu. Alivaa viatu, akaenda, na alasiri akarudi na Semeni kabeba mkeka wa kukalia kichwani.

"Amekubali?" nikamwuliza.

"Amekubali awe kwangu mchana. Maadamu baraza liko wazi."

Sikuyatilia maanani maneno hayo ya mwisho. Nilikuwa nakoroga uji.

Huo uji nao una kisa chake. Miaka ile alipoanza, watu hawakumwamini hata kidogo. Mama wa mtu anakusanya watoto wa watu, hataki ada, anawapa uji wenye karanga na sukari, kwa faida gani? Maneno yakaenea kwamba ni mumiani, anawanenepesha. Wengine wakasema anauza figo zao. Mwanamume mmoja alikuja na panga, akasimama uani, akasema anataka mwanawe sasa hivi. Mimi nilijifungia ndani, sioni haya kusema. Mwalimu alimwambia, "Chukua. Ila kesho akija aje na kuni." Yule baba akabaki ameduwaa. Kuni za nini? "Za uji. Ulidhani uji ni wa bure?" Tangu siku hiyo kila mtoto anakuja na kijiti cha kuni mkononi, na maneno ya mumiani yakafa yenyewe. Watu wa kwetu kitu cha bure kinawatisha, lakini ukiwadai kijiti, wanaona wewe ni binadamu wa kawaida mwenye shida zako.

Jioni alikuwa anamrudisha kila mtoto mpaka mlangoni kwao, naye haondoki mpaka mtu mzima atamke, "Nimempokea." Asipokuwepo mtu mzima, Mwalimu anaketi kizingitini. Kuna baba mmoja, mtu wa pombe, alipokea mtoto asiye wake. "Nimempokea," akasema, macho yamefumba. Mwalimu akamwambia, "Fumbua macho, uniambie umempokea nani." Yule baba akatazama, akatazama tena, akaita mkewe. Tulicheka wiki nzima. Sasa ninapokumbuka sicheki sana, kwa sababu naelewa alikuwa akifanya nini mlangoni pale.

Ana mambo yake yasiyolingana. Anawahubiria watoto kuhusu meno, kisha sukari anatia kwa mkono mpaka kijiko kinasimama. Hataki mtu alie barazani kwake, "machozi nenda nayo kwenu," lakini nimemkuta mara nyingi ametoa mwiba mguuni mwa mtoto huku machozi yanamtoka yeye, mtoto anamtazama kwa mshangao. Anawakataza kusinzia, na saa ya kusoma kimya yeye ndiye wa kwanza kukoroma. Watoto walikuwa wanaendelea kusoma, wanafungua kurasa polepole wasimwamshe. Nilishawahi kuwasifu kwa hilo, akanijibu kwamba hakuwa amelala, alikuwa anawasikiliza.

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika likizo ni matembezi ya kuzoea. Anawapanga watoto, na yeboyebo zao miguuni, anawapeleka mjini kwenye ofisi yoyote yenye kiyoyozi, na wanaingia. Siku moja nilifuatana nao, kwa umbea wangu tu. Mlinzi alitusimamisha mlangoni.

"Mama, mnahitaji huduma gani?"

"Hatuhitaji huduma. Tumekuja kuzoea."

"Kuzoea nini?"

"Viti," Mwalimu akasema. "Hawa wakikua watakuja hapa kudai jambo lao, na sitaki waanze kutetemeka mlangoni."

Mlinzi aliwatazama, akanitazama mimi niliyekuwa natetemeka tayari, akafungua mlango. Watoto wakakaa kwenye viti vya ngozi, miguu inaning'inia. Kila mmoja ilibidi aende dirishani, asalimie, aulize swali moja, arudi. Semeni alikwenda, akasimama mbele ya yule dada wa kaunta muda mrefu, mdomo unafumbuka na kufumba. Mwisho akauliza choo kiko wapi, akaonyeshwa, akarudi kukaa bila kwenda chooni. Mwalimu akampiga begani kidogo, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Wakati huo niliona mguu wa Mwalimu unacheza chini ya kiti, hautulii. Nilidhani ni baridi ya kiyoyozi.

Sasa nifike kwenye siku ya mlimani, maana bila siku hiyo ningeendelea kumwona kama watu wote wanavyomwona.

Kila mwaka kabla ya wiki ya mwisho anawapandisha watoto mlimani hadi kwenye lile banda la mawe la Wajerumani, wautazame mji kwa juu. Anasema mtoto aliyeuona mji wote kwa mara moja hauogopi tena. Mwaka huu magoti yake hayakuwa sawa, akaniomba niende kumsaidia kushika mkia wa msafara. Tulitoka asubuhi, jua zuri, tukapita kwenye matuta ya karoti na kabichi, tukipishana na kina mama wanaoshuka na matenga kichwani. Wanatusalimia, tunawasalimia. Semeni alikuwa mbele akitembea kwa wepesi ambao hatukuwahi kuuona huku chini. Alikuwa amefika kwao.

Tulipokuwa tunashuka, ukungu ukaingia. Watu wa Morogoro wanaujua ukungu wa Juni, haupigi hodi. Nilikuwa namwona mtoto wa tatu mbele yangu, kisha wa pili, kisha nikawa naona mkono wangu tu. Mwalimu akapaza sauti kila mtu amshike mwenzake nguo, asimame. Tukasimama. Akapita akiwashika vichwa mmoja mmoja, akitaja majina. Nikamsikia amefika kwangu, akanishika kichwa na mimi.

"Semeni yuko wapi?"

Msichana mmoja akasema alimwona anachuma vile vitunda vyekundu vya miibani, pale kwenye kona.

Mwalimu aliita. Nimeshasema sauti yake ilivyo. "Semeni!" Mlima ukarudisha. "Semeni!" Kimya. Tulikuwa tunasikia maji chini kabisa, upande ambao njia imebomoka. Mimi nilikaa kwenye majani mabichi, nikaanza kumwambia Mungu mambo nisiyoweza kuyatimiza. Watoto wadogo wakaanza kulia, na kwa mara ya kwanza hakuwakataza. Aliita tena na tena mpaka sauti ikakwaruza. Nilidhani mtoto ameshakufa. Nasema wazi: nilidhani hivyo, na niliwaza tutamwambia nini mama yake mdogo.

Ndipo yule msichana aliyemwona akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwao hawaitikii. Na kwetu pia. Bibi anasema ukisikia jina lako kwenye ukungu na humwoni anayekuita, nyamaza. Huenda si mtu."

Mwalimu akafanya kitu ambacho sikukielewa mpaka kilipokwisha. Akasogea mbele kidogo, akashusha sauti, na kwa upole, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi, akasema:

"Hodi."

Maji yakaendelea kulia kule chini.

"Hodi hapa. Hodi wenyewe."

Na kutoka karibu kabisa, chini ya miguu yetu, ndani ya korongo dogo lenye migomba, kikatoka kisauti: "Karibu."

Kumbe alikuwa hapo muda wote, amejikunyata, mikono masikioni, anatusikia tunaita jina lake na anazidi kuogopa. Jina alijua kulinyamazia. Hodi hakuweza, midomo ilijibu yenyewe. Mwalimu alishuka korongoni kwa makalio, na magoti yake yale, akampandisha. Hakumpiga, hakumkemea. Alimfungua vifundo vya nywele vilivyojaa majani, akavifunga upya, pale pale kwenye ukungu, na ilibidi aanze upya mara kadhaa.

Ukungu ulipopanda tukakaa chini kupumzika. Watoto wakala viazi vyao wakasahau, watoto ni watu wa ajabu. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, ningekuwa na moyo kama wako ningeishi vizuri."

"Moyo gani?"

"Usioogopa."

Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi naogopa kuanzia kengele ya kufunga mpaka kengele ya kufungua," akasema. "Kila siku. Nawarudisha milangoni kwa sababu nikiwaacha njiani sipati usingizi. Nawapeleka ofisini kwa sababu mimi mwenyewe nikiingia kule miguu inanilegea, sitaki warithi. Wewe ukiogopa unakaa chini. Heri yako. Mimi nikikaa chini, nani ataita?"

Tukashuka. Alimkabidhi kila mtoto mlangoni kwao, akaingia ndani kwake, na usiku wote nikamsikia anakohoa.

Asubuhi yake watoto walikuja na kuni zao wakakuta baraza limefungwa. Alitoka amejifunika shuka, akawaambia mwaka huu wanamaliza mapema. Nilimfuata na chai. Alisema ni kifua. Baadaye, akiwa ameugeukia ukuta, akasema, "Macho hayaoni, magoti hayana nguvu. Nisije nikampoteza mtoto wa mtu mikononi mwangu." Nilimwambia amefanya vizuri, apumzike. Nilimwambia hivyo kwa moyo mweupe, na nilifurahi, kwa sababu nami sikutaka kupanda mlima tena.

Wiki ile ya mwisho ilikuwa kimya. Nilishona sare za watu mpaka mgongo ukauma, na kwenye michongoma hakukuwa na sauti yoyote ila kikohozi.

Jumatatu ya kufungua shule nilitoka na furushi la sare za waliochelewa kulipia vitambaa, nikapita mbele ya shule. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kalavati lililoelekea geti, kanga kiunoni, mashavu yamebonyea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Macho yake yalikuwa getini. Watoto waliingia kwa makundi, sare nyeupe na buluu, wengine wakimpungia mkono. Kengele ikalia. Mlinzi akangoja waliokuwa wanakimbia, kisha akafunga geti.

"Marahaba," akasema sasa. "Semeni hajaingia."

"Labda amechelewa."

"Semeni hachelewi."

Tukaenda kwa mama yake mdogo. Anachoma maandazi kando ya barabara, karai la mafuta mbele, ndoo ya unga pembeni. Alipotuona alitabasamu, akafuta benchi kwa kanga.

"Shikamoo Mwalimu, karibu la moto."

"Marahaba. Semeni yuko wapi?"

"Yuko Dar. Alikuja mtu, mtu wa heshima zake kabisa, akamchukua akasaidie. Na wewe ulifunga baraza, Mwalimu. Ningemwacha azurure?"

Mwalimu alifumba macho, akayafumbua. "Anarudi lini?"

"Si nilishasema? Likizo ikiisha."

"Likizo imeisha leo asubuhi."

Mama mdogo alibaki na mwiko hewani. Si mwanamke mbaya yule, namshonea nguo zake namjua. Ana wanawe wengine na mguu wenye kidonda. Aliangalia barabara, akaangalia watoto wa sare ambao hawakuwepo tena njiani, na nikauona uso wake unabadilika. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, nilipoona naye ameanza kuogopa. Akachomoa simu, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, maandazi yanaungua, moshi unatuingia machoni. Haipatikani. Mwalimu akamwuliza ni Dar sehemu gani. Mbagala, akasema. Karibu na soko. Jina la huyo mtu? Akasema watu humwita Mama Junia. Jina lake kamili hakulijua.

Mwalimu alikohoa mpaka akashika meza. Kisha akanigeukia mimi.

"Treni ya kwenda Dar inaondoka saa ngapi?"

"Mwalimu, na kifua hicho?"

"Nimekuuliza saa ngapi."

Ile treni ya umeme sijawahi kuipanda. Wanasema inakimbia mpaka miti ya nje haishikiki kwa macho, na Dar yenyewe naiogopa kuliko ng'ombe, kuliko radi, kuliko ule ukungu. Niliweka furushi la sare juu ya benchi, nikamwomba mama mdogo awape wenyewe wakipita.

"Sijui saa ngapi," nikasema. "Tutaulizia hukohuko stesheni."